Kidole gumba cha kushoto na programu ya kuperuzia Lemmy

Natumia mkono wa kushoto. Simu huishika kwa mkono huo mmoja, na gumba ndilo linalofanya kazi yote: kufungua uzi, kukunja maoni, kurudi nyuma. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoamua programu ninayoitumia leo. Watu wakiniuliza programu gani ya Lemmy ni nzuri, nami huwauliza kwanza wanaishikaje simu na huwa wanasoma nini.

Kwa asiyeijua, Lemmy ni mtandao wa kijamii uliogatuliwa. Hakuna kampuni moja inayoumiliki. Kuna seva nyingi, kila seva ina wasimamizi na kanuni zake, na zote zinaelewana kwa itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, liliipitisha mwaka 2018. Mastodon, mtandao mwingine uliogatuliwa, nayo inatumia itifaki hiyohiyo. Ila kwenye Mastodon unafuata watu, na kwenye Lemmy unafuata jumuiya: mtu anaanzisha uzi, wengine wanaupigia kura, na mjadala unashuka kwa matawi.

Akaunti yako inakaa kwenye seva, wala haikai kwenye programu. Kwa hiyo unaweza kuweka programu tatu kwenye simu moja, ukaingia zote kwa akaunti ileile, na jumuiya ulizojiunga, kura ulizopiga na nyuzi ulizohifadhi ukazikuta zote mahali pake. Hupotezi kitu kwa kujaribu. Ni jambo ambalo mitandao mikubwa imetuondolea kwa miaka mingi kiasi kwamba wengi tumesahau kuwa mlango unachagulika.

Milango ya Lemmy iliongezeka katikati ya mwaka 2023. Reddit, mtandao wa mijadala unaomilikiwa na kampuni moja, ilianza kuwatoza watengenezaji wa programu za nje, na Apollo, programu ya kuisomea Reddit iliyokuwa ikipendwa sana kwenye iPhone, ikafungwa tarehe 30 Juni mwaka huo. Wasomaji wengi walihamia Lemmy, na baadhi ya watengenezaji wakahama nao. Sync na Boost, zilizokuwa za Reddit, zikapata matoleo ya Lemmy. Wengine waliandika programu mpya kabisa. Mimi nilifika wiki hizohizo, nikiwa sijui pa kuanzia.

Rafiki yangu aliniambia mchagua jembe si mkulima, nichukue yoyote nianze kusoma. Nilimsikiliza. Nilichukua ya kwanza iliyotokea na nikakaa nayo miezi minne, nikiifungua Lemmy mara chache na kuifunga haraka. Nilidhani mtandao wenyewe ndio unaonichosha. Kumbe nyuzi zilikuwa nzuri, watu walikuwa wakarimu, na kilichonichosha ni kubinya alama ndogo kama punje kwenye kona ya kulia ya skrini, mara mia kila usiku. Inaniuma kufikiria ni wangapi wameondoka wakiulaumu mtandao kwa kosa la programu.

Basi kabla ya kupakua chochote, jichunguze siku mbili tatu. Jiulize unafanya nini zaidi ukiwa ndani. Kuna wanaotazama picha na kupita. Kuna wanaosoma vichwa vya habari na kufungua viungo. Kuna waandishi, wanaojibu kila uzi. Mimi niligundua kwamba naandika kidogo, na muda wangu karibu wote unakwenda kwenye maoni ya nyuzi ndefu, usiku, taa ikiwa imezimwa. Ukishajua shughuli yako kuu, iweke mbele katika kila jaribio. Programu inaweza kuwa na mandhari ishirini za rangi na bado ikakushinda kwenye kitu kimoja unachokifanya kila siku.

Halafu chagua tatu, zisizidi. Ingia zote kwa akaunti moja, na uzipe wiki nzima, kila moja siku zake. Ukizijaribu zote ndani ya nusu saa utachagua yenye sura nzuri, na sura huzoeleka.

Jaribio langu la kwanza ni uzi mrefu. Tafuta wenye maoni 200 au zaidi, ufungue kwenye kila programu, kisha ushuke nao hadi chini kabisa. Tazama matawi yanavyoonyeshwa. Programu nyingi huweka mstari mwembamba wa rangi ukingoni mwa kushoto, na kila jibu la ndani zaidi linasogea kidogo kulia. Kwenye ngazi ya pili hakuna shida. Fika ngazi ya saba uone: kwenye baadhi ya programu maandishi yamebanwa hadi maneno matatu kwa mstari, unasoma kama anayeteremka ngazi. Nyingine hupunguza msogeo kadiri tawi linavyozama, na unaendelea kusoma kwa raha.

Kisha kunja tawi. Mjadala ukishakuwa wa watu wawili wanaorudiarudia, unataka kuufunga wote upite. Je, unagusa popote kwenye maoni yakafunga, au lazima ukitafute kialama? Baada ya kufunga, skrini inabaki pale ulipo au inaruka? Kuruka huko ndiko kulikonitesa kuliko kitu chochote. Nilikuwa nafunga tawi moja, najikuta katikati ya jingine ambalo sikulisoma, na narudi juu kulitafuta nililoliacha.

Nyuzi ndefu hazipakuliwi zote kwa pamoja, kwa hiyo utakutana na kitufe kinachosema kuna majibu mengine kadhaa. Kibonyeze. Majibu yafunguke palepale. Yakikupeleka ukurasa mpya, angalia kama ukirudi unarudishwa ulipokuwa au unaanzishwa upya juu kabisa.

Voyager ndiyo iliyonifungua macho hapa. Ilianza mwaka 2023 kama programu ya kivinjari, ikiitwa wefwef, ikifuata muundo wa Apollo, na sasa ipo kwa Android na iPhone na bado inafunguka kwenye kivinjari. Ukigusa maoni yanajikunja. Kuna pia kitufe cha kurukia maoni makuu yanayofuata, na kitufe hicho kinahamishika. Nilikiweka upande wa kushoto, katikati ya kimo cha skrini, palepale gumba langu linapopumzika. Usiku ule nilisoma uzi wa maoni mia tatu na ushee bila kubadilisha mkono. Najua ni kitu kidogo. Lakini anayetumia mkono wa kushoto anajua maana ya kupewa kitu ambacho mtu alikumbuka kwamba upo.

Sasa kutelezesha kidole. Programu nyingi za Lemmy zinakuwezesha kupiga kura kwa kuvuta maoni kwa upande: ukivuta fupi unaunga mkono, ukivuta ndefu unapinga, au kinyume chake. Ni haraka, na ni hatari kwa mtu ambaye hajaipanga. Nilikuwa kwenye programu mojawapo, nikisoma uzi ambao mtu alisimulia kifo cha mama yake. Nilitaka kurudi nyuma. Gumba lilianzia mbali kidogo na ukingo, likavuta maoni badala ya ukurasa, nami sikuona kitu. Kesho yake nilifungua uzi uleule nione waliomfariji, na nikakuta mshale wa kupinga umewaka kwa jina langu kwenye maneno ya mfiwa. Niliifuta kura papo hapo. Mpaka leo sijui kama aliiona.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya kusoma uzi wowote, ingia kwenye mipangilio ya ishara za kidole. Ondoa kura ya kupinga kwenye uvutaji. Ikiwa programu haina mipangilio hiyo, na huwezi hata kuzima uvutaji wote, mimi ningeiacha. Kwenye Voyager kila uvutaji, mfupi na mrefu, kushoto na kulia, unapangiwa kazi yake au unaachwa bila kazi. Nimeacha miwili tu: kujibu na kuhifadhi.

Jaribio jingine ambalo wengi hawalifikirii ni viungo, na hapa ndipo ugatuzi wenyewe unapojitokeza. Uzi mmoja una namba tofauti kwenye kila seva. Mwenzako aliye seva nyingine akikutumia kiungo, namba iliyomo ni ya seva yake. Ukikifungua kwenye kivinjari utasoma, ila huwezi kujibu wala kupiga kura, kwa kuwa pale wewe ni mgeni. Wapya wengi hufika hapo, huona kitufe cha kuingia, huandika nenosiri lao, hukataliwa, na kudhani akaunti imekufa. Programu nzuri hufanya hivi: inachukua kiungo, inaiuliza seva yako kama inaufahamu uzi huo, kisha inaufungua ndani ya akaunti yako, tayari kujibiwa. Jaribu kwa kugusa kiungo cha seva nyingine kilichowekwa ndani ya maoni. Jaribu pia jina la jumuiya lililoandikwa kwa alama ya mshangao, jina, alama ya @ na seva. Likikutupa kwenye kivinjari, ujue utatupwa kila siku.

Kwenye Android kuna hatua ya ziada kwa viungo vinavyotoka nje, kwa mfano kwenye ujumbe. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye programu yenyewe, tafuta sehemu ya kufungua viungo, na uruhusu seva zilizoorodheshwa. Tangu Android 12 mara nyingi ruhusa hiyo haiwashwi yenyewe.

Kama wewe ni mwandishi, fanya jaribio la rasimu. Andika mistari mitano ya jibu, usiitume. Toka, fungua kamera, fungua programu nyingine mbili nzito, kisha rudi. Simu yangu ya wakati huo ilikuwa na RAM ya GB 2 na ilikuwa ikiua kila kilichofichika nyuma. Nilipoteza jibu nililoliandika kwa karibu saa nzima, nikimweleza mtu hatua kwa hatua namna ya kuokoa faili zilizofutika, kwa sababu tu nilitoka kunakili anwani moja. Sikuwa na nguvu ya kuandika tena. Nilimwandikia mistari miwili. Tangu siku hiyo jibu lolote refu naliandikia kwenye daftari la simu kwanza, hata pale programu inapohifadhi rasimu vizuri.

Picha na data. Karibu programu zote zina mwonekano wa kadi, wenye picha kubwa, na mwonekano uliobanwa, wenye kijipicha pembeni. Ukitaka kuokoa data chagua uliobanwa, kisha zima video zinazojicheza zenyewe. Hata hivyo, kijipicha kidogo machoni si lazima kiwe kidogo kwenye data. Seva za Lemmy zinaweza kutoa picha iliyopunguzwa, lakini mpaka programu iombe hivyo. Isiyoomba inapakua picha nzima na kuionyesha ikiwa ndogo. Njia ya kujua ni rahisi: peruzi kila programu dakika 20 kwenye ukurasa uleule, kisha fungua mipangilio ya simu na ulinganishe data zilizotumika.

Vichujio vya maneno vinahitaji maelezo kidogo. Kwenye Mastodon, orodha ya maneno usiyotaka kuyaona inahifadhiwa na seva, kwa hiyo ukibadilisha programu inakufuata. Kwenye seva za Lemmy za toleo la 0.19 kazi hiyo inafanywa na programu, kwa hiyo si kila programu inayo, na ukihama unaanza kuandika orodha upya. Watu, jumuiya na seva ulizozizuia ziko kwenye seva yako, hizo hazipotei. Kuzuia seva nzima kulikuja na 0.19, Desemba 2023, pamoja na mpangilio wa mada uitwao Scaled, unaozipa jumuiya ndogo nafasi ya kuonekana mbele ya zile kubwa. Hakikisha programu unayoijaribu ina Scaled. Bila huo, jumuiya yako ya watu mia mbili itaonekana kwa nadra, na utaishia kusoma yaleyale yanayosomwa na kila mtu.

Toleo hilohilo la 0.19 lilitufundisha kitu kingine. Lilibadilisha namna programu inavyojitambulisha kwa seva, na programu ambazo hazikuwa zikishughulikiwa tena zilishindwa kuingia. Kwa hiyo, kabla hujaipenda programu, angalia ilisasishwa lini mara ya mwisho. Nyingi zinatengenezwa na mtu mmoja au wawili, nje ya kazi zao za riziki. Wakichoka, inabaki ilivyo. Usiwachukie kwa hilo. Akaunti yako ipo, utahamia nyingine.

Usalama ni suala ambalo nasisitiza kwa kila ninayemwelekeza. Ukiingia Mastodon kwa programu ya nje, unapelekwa kwenye ukurasa wa seva yako, unaandika nenosiri pale, na programu inapewa kibali tu, nenosiri hailioni. Kwenye Lemmy nenosiri unaliandika ndani ya programu yenyewe. Maana yake unaiamini kweli. Kwa hiyo tumia nenosiri ambalo halifunguii kitu kingine chochote, washa uthibitisho wa hatua mbili, na upakue kutoka duka rasmi au kiungo kilichowekwa na mtengenezaji mwenyewe. Jerboa, Voyager, Thunder na Mlem ni za msimbo huria, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma na kuona kinachofanyika. Sync na Boost si za msimbo huria. Mimi nimeegemea upande wa msimbo huria. Kama nimehama mtandao wenye mwenyewe mmoja, sioni sababu ya kuingilia mlango nisioweza kuuona ndani.

Arifa: usitarajie makubwa. Programu nyingi za Lemmy hukagua seva kila baada ya muda, na Android yenyewe hairuhusu kazi ya kujirudia ya aina hiyo chini ya dakika 15. Jibu litafika limechelewa. Kwangu ni nafuu, maana nazizima.

Nina rafiki asiyeona, naye hutumia TalkBack, kisoma skrini cha Android. Nilimwomba siku moja anisomee programu tatu kwa sauti. Alipofika kwenye safu iliyo chini ya maoni, simu ilisema: kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Vinne, bila jina. Kipi ni kura, kipi ni kujibu, kipi ni kuripoti? Alikaa kimya, kisha akasema hiyo ifute. Kwenye programu nyingine kila kitufe kilitajwa jina lake na idadi ya kura ikasomwa. Jaribu hivyo hata kama unaona vizuri: washa TalkBack, au VoiceOver kwenye iPhone, dakika tano tu. Halafu ongeza ukubwa wa maandishi ya simu hadi mwisho, uone kama maneno yanakatika. Ukikuta vitufe visivyo na jina, mwandikie mtengenezaji umtajie ukurasa na kitufe chenyewe. Nimewahi kufanya hivyo, na toleo lililofuata majina yalikuwepo.

Nikiulizwa uanzie wapi, nasema hivi. Fungua Voyager kwenye kivinjari kwanza, bila akaunti wala kupakua, usome siku moja ukiwa mgeni. Ukiipenda, tumia menyu ya kivinjari kuiweka kwenye skrini ya mwanzo. Mwenye Android anayetaka kitu chepesi kisicho na mapambo ajaribu Jerboa, ambayo inatoka kwa watengenezaji wa Lemmy wenyewe. Mwenye iPhone aiweke Mlem kwenye tatu zake, maana imeandikiwa iPhone na inaonekana hivyo. Thunder inafaa kwa anayependa kupanga kila kitu hadi nukta ya mwisho. Waliozoea Boost au Sync tangu enzi za Reddit wataijua njia kwa macho yaliyofumbwa, na mazoea ya mkono ni sababu halali ya kuchagua.

Wiki ikiisha, angalia ni ipi uliyoifungua bila kufikiri. Hiyo ndiyo yako. Zile mbili usizifute moja kwa moja: fungua kila moja, toka kwenye akaunti, ndipo uifute. Kisha badilisha nenosiri kwenye seva yako, na uingie upya kwenye ile uliyobaki nayo. Itachukua dakika tatu, na kibali chochote ulichokisahau kwenye programu ulizozijaribu hakitafanya kazi tena.